Maswali Yenu: Asubuhi Mkanda Umebana, Jioni Umelegea

Barua za safari hii nyingi zimeuliza kuhusu mkanda wa tumbo, ile pete laini ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu ya tumbo ili mtu ashibe kwa chakula kidogo. Madaktari wengi wa upasuaji sasa wanapendelea kupunguza tumbo lenyewe kwa kulikata, lakini walioishi na mkanda kwa miaka ni wengi, na mkanda haujiangalii wenyewe. Maswali tumeyafupisha, majina tumeyaacha.

Hii ni wiki ya tano tangu niwekewe mkanda. Siku za mwanzo sikusikia njaa kabisa. Sasa njaa imerudi yote na nakula kama zamani. Umeharibika?

Haujaharibika, ndugu yetu. Haujaanza kazi. Kwa kawaida mkanda hufungwa ukiwa mtupu au ukiwa na maji kidogo sana. Njaa ilipotea mwanzoni kwa sababu ya uvimbe wa upasuaji, na uvimbe huo umekwisha.

Ulichowekewa kina sehemu tatu. Kuna mkanda wenyewe, ambao upande wake wa ndani una puto. Juu yake kimebaki kifuko kidogo cha tumbo cha mililita 15 hadi 30, yaani kijiko kimoja au viwili vya mezani. Kutoka kwenye mkanda unashuka mrija mwembamba hadi kwenye poti, kidude cha mviringo kilichoshonewa juu ya msuli wa tumbo, chini ya ngozi. Ukishapungua mwili utakigusa kwa vidole. Maji ya chumvi ya hospitali yakiingizwa kwenye poti, puto hutuna na njia hupungua.

Kujaza kwa mara ya kwanza huanza kati ya wiki ya nne na ya sita, kovu likishaushika mkanda mahali pake. Ndiyo maana ulianzishwa na vinywaji, ukaja vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini. Kutapika kwa nguvu wiki za mwanzo kunaweza kuusogeza mkanda ambao bado haujashikwa.

Siku ya kujaza utalala chali na kuambiwa unyanyue kichwa au miguu kidogo, ili msuli ukaze na kuisukuma poti juu. Muuguzi au daktari ataibana poti kwa vidole viwili, atasafisha ngozi, kisha ataingiza sindano maalumu ambayo ncha yake hupenya bila kukata kipande cha mpira. Hapo uwe macho. Sindano ya kawaida hung'oa chembe ya silikoni na kuacha tundu litakalovuja polepole. Mtu asiyejua mikanda akichukua sindano yoyote iliyo karibu, mzuie kabla hajagusa ngozi, wala usione aibu.

Kila mara huongezwa nusu mililita hadi moja hivi. Kuna mikanda inayobeba mililita 4 tu na mingine inayofika 10 au 14, kwa hiyo kulinganisha namba yako na ya mwenzako hakuna maana. Kabla hujaondoka kunywa glasi ya maji ukiwa umekaa wima. Yakirudi, au yakikaa kifuani kama yamegota, umekazwa kupita kiasi na maji yapunguzwe papo hapo. Ukifika nyumbani, siku moja au mbili ni za vinywaji, zinazofuata ni za vyakula laini. Weka daftari: tarehe, kiasi kilichoongezwa, jumla iliyomo. Chini huko utaona daftari hilo linatumikaje.

Asubuhi hata maji ya uvuguvugu yanashuka kwa shida, lakini usiku namaliza sahani nzima. Kitu kilekile kinawezaje kubadilika hivyo?

Maji yaliyomo kwenye mkanda hayabadiliki ndani ya siku moja. Kinachobadilika ni mwili wako uliozungukwa na huo mkanda. Usiku ute hukusanyika juu yake na ukuta wa tumbo huvimba kidogo. Ukiamka na kuanza kutembea, hali hulegea. Wenye mkanda wengi husema hivyohivyo, na wanawake wengi huongeza kwamba karibu na siku zao mkanda hubana zaidi. Wengine hubanwa wakiwa na wasiwasi, wakiwa hawajanywa maji ya kutosha, au baada ya safari ndefu ya ndege.

Kwa hiyo usijilazimishe kula mara tu unapoamka. Anza na kinywaji cha moto kwa mafunda madogo, ngoja nusu saa hadi saa nzima, halafu kula kitu laini kama yai au mtindi. Ila usiuruke mlo huo kabisa. Sahani nzima ya usiku mara nyingi ni deni la mchana kutwa bila chakula, na mkanda unasingiziwa tu.

Ukienda kliniki, eleza siku yako yote. Ukipimwa saa kumi jioni, mkanda ukiwa umelegea, ukasema "nakula sana", utaongezewa maji na kesho yake asubuhi hutameza hata mate. Kubana kukiendelea hadi mchana kwa siku kadhaa mfululizo, hapo ni wakati wa kulegezwa.

Kipande cha nyama kilikwama. Nikakisukuma kwa maji, ikawa mbaya zaidi. Kikikwama tena nifanyeje?

Maji ndiyo kosa lenyewe. Njia imeshazibwa, ukimimina kitu juu yake kitajaa kwenye umio na maumivu yatapanda.

Kukwama kuna dalili zake na huja kwa mpangilio. Kwanza kifua kinabana katikati, nyuma ya mfupa, kama umemeza tonge kavu lililogoma kushuka. Wengine hupata kwikwi au pua huanza kutiririka, na hiyo ni ishara ya kuweka kijiko chini mara moja. Baadaye mate hujaa mdomoni, mazito, yanayovutika kama ute wa yai. Mwisho chakula hurudi kama kilivyotafunwa, bila ule uchachu wa matapishi, kwa sababu hakikufika kwenye asidi ya tumbo.

Acha kula. Usinywe kitu. Simama, tembea taratibu, tema mate badala ya kuyameza, ngoja. Kikitaka kurudi kiache kirudi, ila usitie kidole kooni, maana kujitapisha kwa nguvu huvuta tumbo kupitia kwenye mkanda. Kikishapita au kurudi, mlo huo umekwisha. Pale kilipokwama pamevimba, na kipande kingine, hata kiwe kidogo kuliko cha kwanza, kitagota hapohapo. Kaa na vinywaji kwa saa 24, kisha vyakula laini, halafu rudi kwenye chakula cha kawaida. Wanaopuuza hatua hii ndio wanaokwama mara tatu kwa wiki moja na kulaumu mkanda.

Zikipita saa kadhaa hata mate hayashuki, au ukapata maumivu makali, au ukatapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Sema mlangoni kabisa: "Nina mkanda wa tumbo, nadhani unahitaji kulegezwa." Kutoa maji kwenye poti ni kazi ya dakika chache tu, mradi apatikane anayejua na sindano inayofaa.

Sasa, kwa nini kilikwama? Mara nyingi ni tonge kubwa lililomezwa haraka. Kata kipande kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kitafune mara 20 au zaidi, mpaka kiwe rojo. Meza, weka uma chini, ngoja dakika nzima. Umio unahitaji kusukuma mara kadhaa ili tonge moja lipite kwenye mkanda, na ukiongeza la pili kabla la kwanza halijapita unajenga foleni. Dakika 20 hadi 30 zikiisha, mlo umeisha hata kama sahani haijaisha.

Vyakula navyo vina tabia zake. Mkate mweupe laini hugeuka donge la unga. Mkate uliobanikwa ukakauka hupita vizuri zaidi kwa sababu unasagika. Wali na tambi hushikana. Kidari cha kuku hukauka kama pamba, lakini paja lililopikwa kwa mchuzi huteleza. Nyama ya kuchoma ni ngumu kuliko ya kusaga. Ngozi za machungwa na mboga zenye nyuzi ndefu hujisokota. Samaki ni rafiki wa takriban wenye mkanda wote. Chakula ambacho hujawahi kukijaribu, kijaribu ukiwa kwako, si kwenye karamu mbele ya wakwe.

Nimekazwa mara nne. Nyama, mboga na mkate haviingii tena, lakini aiskrimu, chokoleti na maziwa yenye sukari vinapita bila taabu. Uzito umeanza kupanda. Niombe wanikaze mara ya tano?

Dada, omba kulegezwa.

Barua za namna hii zinatufikia kuliko nyingine zote, na kila mara kosa ni moja: mtu anaufikiria mkanda kama kizibo. Kazi yake ni kubonyeza kwa upole ukuta wa juu wa tumbo, ambako mishipa ya fahamu hupeleka habari ya shibe kwenye ubongo. Tonge gumu lililotafunwa vizuri likipita polepole, linaubonyeza ukuta huo kila linaposukumwa. Kinywaji hakibonyezi chochote. Aiskrimu huyeyuka mdomoni na kushuka kama maji kwenye mfereji pamoja na sukari na mafuta yake yote, na nusu saa baadaye una njaa ileile.

Kliniki nyingi hueleza hali ya mkanda kwa rangi tatu. Njano ni mkanda uliolegea: unakula sahani kubwa, na saa moja au mbili baadaye unatafuta kingine. Kijani ni pale unaposhiba kwa nusu kikombe hadi kikombe kimoja cha chakula kigumu na kukaa saa tatu au nne bila kukumbuka jikoni. Nyekundu ni mkanda uliokazwa kupita kiasi: chakula cha kawaida kinarudi, kiungulia kinakuja, usiku unakohoa, na bila kujijua umehamia kwenye vyakula laini vitamu kwa sababu ndivyo vinavyopita. Uko kwenye nyekundu. Ukikazwa tena, vigumu vitazidi kukataa na vitamu vitazidi kupita.

Na hatari yake ni kubwa kuliko kilo. Mkanda uliobana mno kwa miezi hutanua kifuko cha juu na hata umio wenyewe, na umio uliotanuka hupoteza nguvu ya kusukuma.

Kliniki huenda wakatoa nusu mililita au moja, kisha wakakuacha wiki kadhaa. Usiogope njaa ikiongezeka kidogo siku za mwanzo. Anza kila mlo na protini: yai, samaki, maharage yaliyoiva vizuri, nyama ya kusaga. Lengo ni gramu 60 hivi kwa siku. Mboga zifuate, wanga uwe wa mwisho kama nafasi imebaki. Maji kunywa kati ya milo, wacha chakula kikikaribia, na baada ya kula ngoja angalau nusu saa. Ukinywa pamoja na chakula unakisafisha kipite haraka na shibe inaondoka nacho. Soda na vinywaji vingine vya gesi viache, kwani gesi haina pa kwenda kwenye kifuko cha vijiko viwili.

Juu ya matarajio tuseme ukweli. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Mkanda hupunguza polepole kuliko upasuaji wa kukata tumbo, na kupungua huendelea kwa miaka miwili mitatu. Kwa wastani watu hupoteza karibu nusu ya uzito uliozidi, baadhi zaidi, baadhi kidogo sana. Mizani ukipanda mara moja kwa wiki inatosha.

Mwaka wa tatu ulikuwa mzuri kabisa. Mwezi huu, ghafla, nalala kwa kuegemea mito, nakohoa usiku, na chakula nilichokizoea kinarudi. Sikuongezewa maji.

Usisubiri miadi ya kawaida. Mkanda unaobana ghafla bila kuongezwa maji hutufanya tufikirie kwamba tumbo limeteleza: sehemu ya tumbo la chini imepanda kupitia kwenye mkanda, kifuko kimekuwa kikubwa, na mkanda umelala vibaya. Hutokea zaidi kwa wanaotapika mara kwa mara au wanaokula kupita kiasi mkanda ukiwa umekaza, lakini hata mwangalifu hupatwa.

Hatua ya kwanza ni kutoa maji yote kwenye mkanda. Wengi hupata nafuu hapohapo. Kisha hupigwa eksirei ukiwa umekunywa bariamu, ile dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha, ili waone mkanda umelalaje na kifuko kina ukubwa gani. Kama ni kutanuka tu, wiki kadhaa za mkanda mtupu mara nyingi hutosha, na hujazwa tena taratibu. Kama umeteleza kweli, kwa kawaida upasuaji wa kuurekebisha au kuutoa hufuata. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma yakiambatana na kutapika ni dharura ya saa ileile, kwa sababu tumbo lililobanwa linaweza kukosa damu.

Lingine ambalo hata wahudumu wengine husahau: mtu aliyetapika wiki mbili tatu huishiwa haraka na vitamini B1, thiamini. Ganzi miguuni, kuyumba, kuona vitu viwiliviwili au kuchanganyikiwa ni dalili zake. Ukipelekwa kuwekewa dripu, taja kutapika kwako mapema, maana thiamini inatakiwa itangulie dripu ya sukari.

Kama hakuna cha ghafla, na kikohozi kinakuja siku ulizokula usiku tu, maliza kula masaa matatu kabla ya kulala na uone.

Maswali mafupi: vidonge, MRI, uwanja wa ndege, ujauzito.

Vidonge vikubwa vikate au omba vya maji. Vinavyotoa dawa kidogokidogo usivisage kamwe, kwa kuwa dozi ya siku nzima itaingia kwa mkupuo. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hukwaruza tumbo, omba mbadala. Kama una dawa za kisukari au presha, dozi ikaguliwe kadiri unavyopungua.

Mashine za uwanja wa ndege si tatizo. Kabla ya MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku, waambie una mkanda na uonyeshe kadi yake. Mingi huruhusiwa kwa masharti.

Ujauzito: madaktari wengi hushauri kungoja mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya upasuaji. Ukishika mimba, mkanda unaweza kulegezwa, hasa kichefuchefu kikizidi. Huo ni uzuri mmoja ambao upasuaji wa kukata hauna.

Miaka saba sasa. Siku hizi sihisi kitu, ni kama mkanda haupo.

Toa daftari. Muuguzi akivuta maji yote kwenye poti akapata mililita 3 wakati umeandika 6, mkanda au mrija unavuja. Mrija hupasuka mara nyingi karibu na poti, na marekebisho yake ni madogo. Sindano ikishindwa kuipata poti, huenda poti imepinduka, na eksirei itaonyesha.

Maji yakiwa yote yapo lakini mkanda hausikiki, kuna jambo la kuulizia: mkanda unaweza kula ukuta wa tumbo polepole mpaka ukaingia ndani. Hauumi sana, ndiyo maana unachelewa kugunduliwa. Dalili ya kwanza mara nyingine ni poti inayokuwa nyekundu na kutoa usaha miaka mingi baada ya upasuaji. Hiyo siyo ya kupakwa dawa ya kidonda tu. Omba kipimo cha kuingiza kamera tumboni, na mkanda ukionekana ndani, unatolewa.

Kutolewa si jambo la nadra, kwa hiyo ulijue mapema. Mkanda ukitoka njaa ya zamani hurudi, na uzito hufuata kwa wengi. Baadhi hufanyiwa upasuaji mwingine, wa kukata tumbo au wa kubadili njia ya chakula. Mara nyingi madaktari husubiri miezi kadhaa kati ya kuutoa mkanda na upasuaji huo, kwa sababu mkanda huacha kovu gumu lililouzunguka na mishono hushika vibaya hapo. Uliza kama poti na mrija vitatoka pamoja na mkanda, na upewe kwa maandishi kilichotolewa na kilichobaki. Daktari wa pili ataanzia kwenye karatasi hiyo.